Chungu cha Malwa Chumbani Kwangu

Jumatatu, 12 Agosti

Mke wangu Akol ameondoka asubuhi na binti yetu Joanita kwenda Majanji — Damalie, dada yake Akol, kajifungua mapacha. Watarudi Jumamosi, siku ileile wazee wa Paddy, mchumba wa Joanita, wanakuja kutoka Tororo kuposa. Malwa, pombe yetu ya wimbi, lazima iwe tayari. Kwetu posa bila malwa ni mkutano tu. Huvutwa kwa mrija na maji ya moto; ikiharibika mgeni huacha mrija, ikiiva huomba maji mengine.

Unga wa wimbi Akol alishaukaanga, akauanika, ukakauka. Kilichobaki ni kuchanganya na kimea na maji, kisha kulinda joto siku nne. Alitaka kumwita mama yake, Mama Amuge wa Sikuda, ambaye malwa haijawahi kumharibikia. Nikamwambia hakuna haja. Miaka ishirini na miwili nimetunza friji ya chanjo kituo cha afya. Joto ndiyo kazi niliyozeekea. Akol akanitazama kidogo, akafunga mkoba wake.

Nimechanganya. Chungu kiko jikoni. Nimebandika karatasi ukutani: saa, joto, sahihi. Kipimajoto chunguni saa kumi — nyuzi 27. Safi kabisa. Nimetia sahihi.

Jumanne, 13 Agosti

Mvua alfajiri. Saa moja — 20. Chungu kimya, hata povu moja. Nikakifunika blanketi, nikaweka sigiri yenye makaa kando, nikaenda sokoni kununua sabuni. Kurudi, jua limewaka juu ya mabati — 38! Kwa joto hilo ningetupa chanjo yote na kuandika barua ya maelezo.

Mahali penye baridi ya wastani ni chumbani kwetu tu: sakafu ya saruji, dari juu. Jirani yangu Ojulong akanisaidia kubeba. Akauliza kama nimemkosa mke wangu kiasi hicho. Tumekiweka pembeni, karibu na kabati la nguo, nami nikahamishia karatasi ukutani juu ya kitanda.

Saa kumi na moja — 26. Sahihi.

Jumatano, 14 Agosti

Inachemka! Povu, na sauti ndogo kama mtu anayeteta.

Lakini saa tatu nimeona ajabu. Chumba 25, ndani ya chungu 33. Hakuna moto, hakuna jua. Inajipasha yenyewe. Hili sikufundishwa, chanjo haijipashi moto. Nikazungushia magunia yaliyolowa, nikapepea kwa kalenda ya kanisa mpaka mkono ukafa ganzi. Saa kumi na moja — 24, na povu limelala. Nikaogopa nimeiua. Nikatoa magunia.

Nimempigia Akol. Alicheka mpaka Damalie akachukua simu, naye akacheka. Akol akasema nimwite mama. Nimekataa. Kwanza, nitaweka wapi uso wangu? Pili, mkwe ni mkwe. Sisi Wateso hatukai chumba kimoja na mama mkwe, wala hatutazamani usoni. Miaka ishirini na sita nimeoa kwake, najua sauti yake na visigino vyake basi.

Alhamisi, 15 Agosti

Amekuja. Akol kampigia kisirisiri.

Nilisikia boda, nikaona kitenge kinashuka, nikakimbilia nyuma ya jiko. Yeye naye akaingia jikoni. Tukabaki hivyo, ukuta wa udongo katikati, mpaka simu yangu ikalia. Ni yeye. Tumezungumza dakika kumi na moja, nami namsikia mara mbili — simuni na ukutani.

Akauliza mbuzi, mvua, magoti yangu. Kisha:

"Chungu kiko wapi?"

"Kiko ndani, Mama."

"Ndani wapi?"

Nikasema chumbani. Ninapolala na binti yake! Hapo hata kivuli chake hakiwezi kuingia. Nikasema nimwite Ojulong tukitoe nje. Akakataa: pombe ikiwa katikati ya kuchemka haibebwi, ikitikiswa inaharibika. Nikazunguka hadi chumbani na simu, nikamsomea karatasi yote, siku kwa siku. Akasema hizo namba ni za serikali. Nitie mkono chunguni, nimwambie: ni paji la uso la mtoto mzima au la mtoto mwenye homa?

Nikatia. Nikasema ni katikati.

Akasema hakuna katikati, na kwamba mkono uliokaa miaka kwenye barafu hauwezi kujua kitu. Amekwenda kulala kwa mke wa Ojulong.

Ijumaa, 16 Agosti

Saa moja — 34. Harufu imekuwa kali. Sijui ni ya pombe au ya siki. Wageni ni kesho.

Joanita katuma ujumbe: malwa inaendeleaje? Baba yake Paddy anapenda kutania kwamba watu wa huku kwetu Busia wanajua kuuza malwa, si kupika.

Nikampigia mama mkwe. Mara ya kwanza tangu nioe mimi ndiye nimepiga. Nikamwambia, "Mama, nimeshindwa."

Hakucheka. Akauliza dirisha la chumba liko upande gani.

Tumepanga hivi. Nimeburuta chungu juu ya gunia, shubiri kwa shubiri, saa nzima, isitikisike, hadi chini ya dirisha. Mimi kitandani, uso ukutani, mgongo dirishani. Yeye nje, amepanda juu ya kinu kilichopinduliwa, mke wa Ojulong kamshika kiuno. Nimesikia bangili zikigonga fremu. Mkono umeingia. Umekaa chunguni muda mrefu. Hakusema mzima, hakusema mgonjwa.

Kisha: "Okia. Lete maji ya moto. Na mrija."

Sikujua kama analijua jina langu.

Nimemimina kutoka kwenye chupa ya chai, nikapitisha bakuli kinyumenyume kama mtu anayetoroka. Akachota kidogo chunguni, akakoroga.

Sasa anavuta. Naandika juu ya goti, pua karibu iguse ukuta. Mrija umelia, ukanyamaza. Umelia tena. Mke wa Ojulong kanong'ona kitu. Karatasi yangu ya joto iko hapa mbele ya macho, nami nimesahau kuandika ya saa nne.

Mrija unakwaruza bakuli lililokauka.

Anaomba maji mengine ya moto.