Baiskeli ya Uani

Jumatatu, 15 Julai

Siku ya 65. Zimebaki 69.

Dakika kumi na tano juu ya baiskeli, baada ya sala ya alfajiri, kabla ya chai. Gurudumu la nyuma liko hewani, limebebwa na stendi. Matofali mawili kila upande, isiyumbe. Leo nimefunga kipande cha mpira kiguse rimu, ili pedeli iwe nzito. Bila mpira ni kama kukoroga hewa.

Kutoka mlango wa jiko hadi ukuta wa choo ni hatua kumi na moja. Nimezipima mara nyingi. Hiyo ndiyo barabara yangu yote.

Presha: 158 kwa 98.

Shabani alifariki Jumapili, 12 Mei. Eda ni miezi minne na siku kumi. Jioni ile ile ya mazishi nilichukua kalenda ya ukutani, nikahesabu, nikazungushia tarehe 22 Septemba kwa kalamu nyekundu. Nilihitaji kitu cha kushika.

Alhamisi, 18 Julai

Wifi Mwanahawa hataki kuniona juu ya baiskeli. Ni dada mkubwa wa marehemu. Aliacha vichanja vyake vya samaki Saadani akaja kukaa nami mpaka nimalize. Simwombei mabaya. Ila nyumba ni ndogo na macho yake ni makubwa.

Leo alisimama mlangoni na kanga mdomoni. "Wifi, mjane anayepiga pedeli. Watu watasema unajikaza mwili upate mwingine."

Nikamwambia watu hawaoni, ukuta ni mrefu.

"Wanasikia cheni."

Nimetia mafuta cheni.

Jumatano, 24 Julai

Nirudie sababu, nisije nikasahau. Juni nilitoka mara moja, kwenda hospitali, kizunguzungu. Nesi alipima akanitazama usoni. Akasema dawa peke yake hazitoshi, mwili utembezwe kila siku. Nikamwambia niko eda. Akasema basi tembea ndani.

Mume wangu alikaa kitini ofisini miaka ishirini na mbili. Baiskeli hii alikuwa anaendea kazini, kisha akaacha, akawa anachukua bajaji. Presha ikampata, kiharusi kikafuata. Yeye kukaa kumemuua, nami nimewekwa nikae. Siilaumu dini. Naandika ninavyojisikia.

Jumamosi, 10 Agosti

Mama Neema amekuja. Anafundisha baiolojia shuleni kwetu, mimi ni karani hapo hapo. Mtu wa Mbeya. Kila Jumamosi yeye na wanawake watatu wanaendesha hadi Zinga na kurudi, kwa baiskeli nyembamba za resi. Alikuja na jasho lake na kofia yake ngumu, akampa Wifi shikamoo, Wifi akaitika marahaba bila kumtazama miguu. Alikuwa amevaa suruali.

Amesema nisinunue baiskeli kwa rangi. Kwanza fremu. Akanisimamisha ukutani bila viatu, akaniwekea daftari la mahudhurio katikati ya mapaja, nibane kama tandiko, akapima kwa futi ya fundi cherehani mpaka sakafuni. Sentimita sabini na nne. Akapiga hesabu kwenye simu: fremu ya arobaini na tisa, hamsini mwisho. Ikizidi hapo, mgongo utauma na mikono itakufa ganzi.

Wifi alikuwa anachambua mchele. "Bibi anapimwa kama sanduku."

Nilicheka. Mara ya kwanza tangu Mei.

Jumapili, 11 Agosti

Mama Neema ametuma picha tatu kutoka kwa fundi wa baiskeli wa barabara kuu. Nimezipanga daftarini.

Ya kwanza: nyekundu, alumini, usukani uliojikunja kama pembe za kondoo. Fremu 56. Nzuri, haipandiki.

Ya pili: matairi mapana, springi mbele. Nzito. Ya mchangani, si ya lami.

Ya tatu: bluu. Chuma, fremu 50, matairi membamba, gia kumi na mbili. Kiti kimechanika pembeni. Hii.

Nimeitazama mpaka simu ikaisha chaji.

Jumanne, 13 Agosti

Baiskeli imefungwa kufuli. Mnyororo umepita kwenye gurudumu na nguzo ya kamba ya nguo. Ufunguo uko kwenye pindo la kanga ya Wifi, nimeuona.

Tumekula ugali na dagaa kama watu wa msafara mmoja.

Nina miaka arobaini na sita. Nimefungiwa baiskeli kama mtoto.

Jumatano, 14 Agosti

Kufuli.

Nimetembea hatua kumi na moja mara mia mbili. Kichwa kinazunguka kwa kugeuka, si kwa presha.

Ijumaa, 16 Agosti

Usiku wa jana sikulala. Asubuhi nilijipima mezani, Wifi akiwa anamimina chai. 171 kwa 108. Alisoma kioo cha mashine kabla yangu. Hajui kusoma vizuri, lakini tarakimu anazijua. Mashine hii ilikuwa ya Shabani. Wiki ile ya mwisho Wifi alikuja kumuuguza, ni yeye aliyekuwa anamfunga mkanda mkononi, akiita namba, nami naandika.

Aliweka birika chini. Akaenda uani. Nikasikia mnyororo ukianguka sakafuni.

Aliporudi alisema, "Chai inapoa."

Dakika ishirini.

Jumapili, 25 Agosti

Siku ya 106. Zimebaki 28.

Dakika thelathini na tano. Nimeongeza kipande cha pili cha mpira. Presha 146 kwa 92.

Wifi sasa anakaa kwenye kigoda na kunihesabia dakika kwa saa ya marehemu. Nikipunguza mwendo anasema, "Mwenda pole umefika wapi?" Jana alisema nikiinama hivyo nafanana na kaa. Namwambia ajaribu yeye. Anasema yeye si kaa.

Lakini nimechoka na ukuta huu. Najua kila ufa. Upo mmoja unaoanza kwenye bomba na kuishia karibu na dirisha, nimeupa jina la barabara ya Zinga. Asubuhi ninaufuata kwa macho. Sifiki.

Jumatano, 11 Septemba

Fundi amemwambia Mama Neema kuna mteja wa Dar anaitaka ile ya bluu. Ataiweka mpaka Jumatano ijayo, tarehe 18. Zaidi ya hapo hawezi, na hana kosa.

Mimi natoka tarehe 22. Siku nne.

Mama Neema anasema nunua tu, fremu ni yako. Sijawahi kununua hata viatu bila kuvijaribu, sembuse kitu cha kunibeba barabarani na malori. Na Wifi alishasema tangu Agosti: kitu kipya cha kujifurahisha hakiingii nyumba ya msiba mpaka eda iishe. Katika hili sibishani naye. Nimefika mbali mno kuharibu mwishoni.

Nimekasirika. Sijui na nani.

Jumatatu, 16 Septemba

Maulidi. Tangu jana jioni dufu zinasikika hadi uani. Wanawake wote wa mtaa wamekwenda. Wifi alibaki nami. Alipika pilau, tukala sisi wawili.

Alipokuwa anaosha sufuria akasema, "Kesho ni mwezi kumi na tatu." Nikasema naam. Akabaki kunitazama, mikono kwenye maji. Nikamuuliza kama anataka sabuni zaidi. Akasema hapana.

Jumanne, 17 Septemba

Dakika arobaini. 139 kwa 88. Sijaiona namba ya juu ikishuka chini ya 140 tangu mwaka jana.

Wifi amepanga nguo zake kwenye kikapu, kisha akazitoa tena. Nadhani nimemuudhi kwa jambo. Zimebaki siku tano, tuvumiliane.

Jumatano, 18 Septemba

Ile ya bluu imeondoka saa tano asubuhi. Mama Neema amenitumia ujumbe na picha ya mahali ilipokuwa imeegemezwa. Sijui kwa nini alituma picha ya ukuta. Kuta ninazo.

Nimelia bafuni. Si kwa ajili ya Shabani. Hilo nalo limenitia aibu.

Sikupanda baiskeli.

Alhamisi, 19 Septemba

Mwalimu Zena, anayesomesha wanawake pale msikitini, amepita kuleta tende za Maulidi. Alinikuta juu ya baiskeli, kanga ile ile iliyofifia, bila wanja, bila marashi. Akasimama.

"Bado tu? Kwani umefiwa upya?"

Nikamwambia natoka Jumapili, tarehe 22.

"Tarehe 22 ya nani?"

Akakaa kwenye kigoda cha Wifi akahesabu kwa vidole. Shabani alikufa mfungo pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, mwezi tatu, yaani siku yake ya tatu. Miezi minne, mfungo sita, mwezi tatu. Siku kumi, mwezi kumi na tatu. Siku ya pili ya Maulidi. Juzi. Eda huhesabiwa kwa mwezi wa angani, akasema, si kwa kalenda yenye picha ya simba.

Hili nalijua. Nimelijua tangu chuo cha Kurani, nikiwa na miaka saba. Kufunga nahesabu kwa mwezi, Idi nahesabu kwa mwezi. Lakini siku ya mazishi nilishika kalamu kama karani, kalenda ikiwa mbele yangu, na baada ya hapo sikuangalia juu tena.

Jumanne nilikuwa huru. Jumatano saa nne ningeweza kutoka kwa miguu yangu, nikaipanda ile ya bluu, nikajua.

Hakuna aliyenifungia. Mlango huu tangu juzi nimeushika mwenyewe.

Alhamisi, baadaye

Nimemwuliza Wifi kama alijua. Alikuwa anakunja kanga. Alijua. Alihesabu kwa mwezi tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana alisema yale ya mwezi kumi na tatu. Ndiyo maana ya kikapu.

Nikamwuliza kwa sauti ambayo si ya kumwambia mkubwa, kwa nini hukusema?

"Wewe ndiye mwenye daftari," akasema. "Nikadhani unataka kumkalia zaidi kidogo. Nani humwambia mjane sasa basi, inatosha?"

Kisha akasema samaki wake huko wanaangaliwa na jirani mvivu, na yeye hajaona upwa wa kwao tangu Mei. Alisema bila kulalamika. Miezi minne nimehesabu hatua zangu kumi na moja. Zake sikuzihesabu.

Nimemwomba radhi. Akasema nikaoge.

Ijumaa, 20 Septemba

Wifi na Mwalimu Zena wamenitoa eda. Maji, dua, udi, kanga mpya. Zile za zamani amepewa mwanamke wa mtaa wa pili.

Saa kumi nikatoa matofali, nikapiga stendi teke. Gurudumu la nyuma likagusa chini. Baiskeli ikawa nzito ghafla. Miezi yote ile nimeisukuma bila kujua uzito wake.

Nilikuwa naendesha nikiwa shule. Mwili unakumbuka kwa shida. Niliyumba hadi kwa muuza mkaa, nikashuka, nikaanza tena. Jua, upepo, kelele. Nilitazama mbali mpaka macho yakauma. Hayakuzoea.

Jumamosi, 21 Septemba

Gari la Saadani huondoka asubuhi. Nilitaka kumwitia Wifi bajaji. Akaitazama baiskeli, akaitazama karia nyuma ya kiti.

"Ile ya bluu ilikuwa na hii?"

Nikasema hapana, za resi hazina karia.

Akaketi upande, baibui amelikusanya, kikapu mapajani. Ni mtu mzima, ana mwili. Mita za kwanza nilidhani tutaanguka wote wawili mbele ya msikiti. Kisha miguu ikashika. Ilikuwa kama vipande viwili vya mpira, labda vitatu. Naijua kazi hiyo.

Watu walitazama. Nilingoja aseme watu watasema. Badala yake aliwasalimia mmoja mmoja, kwa sauti, kama bibi harusi. Mzee mmoja aliuliza mnakwenda wapi. Wifi akamjibu, "Muulize dereva."

Kwenye stendi ya mabasi alishuka, akanishika mkono wa kushoto pale mkanda wa mashine unapofungwa, akauminya kidogo. Akapanda gari.

Jumapili, 22 Septemba

Tarehe yenye duara jekundu.

Nimeamka kabla ya adhana kwa mazoea. Uani hakuna kigoda, amekiingiza ndani kabla ya kuondoka. Sakafuni zipo alama mbili za stendi, zimechimba saruji.

Niliondoka jua likichomoza. Peke yangu, kandokando kabisa ya lami, malori yakipita. Sikufika Zinga. Nilifika kwenye mikorosho ya kwanza, nikakaa chini dakika kumi, nikarudi. Mama Neema anasema fundi ataleta nyingine mwezi ujao. Nimemwambia aulize kama zinaweza kufungwa karia.

Presha sikupima. Nitapima kesho.

Wifi amepiga simu. Jirani kweli ni mvivu. Samaki nusu wameoza. Ameuliza leo dakika ngapi.

Sikuwa na saa.