Spana Chini ya Godoro

Mjukuu wangu, mume wangu mkaidi,

Nani alikufundisha kumwita shemeji yako muuaji wa injini mbele ya dada yako, aliyemzalia watoto? Salamu zenyewe zimenipalia. Haya, sijambo, magoti yanauma kama yalivyozoea. Wewe je, unakula? Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Nasikia Jumamosi unakuja kuchukua gari lako, na shemeji hutaki kumwona tena. Ngoja kwanza, moto huo nimeuchochea mimi.

Ulipoondoka ulinifungulia boneti ukanionyesha kile kikombe cheusi chenye nyaya za plagi, na alama nyeupe uliyoipaka pembeni yake. Ukasema kisitoke hapo, ndicho kinachoipa cheche wakati wake. Nikaipokea amana. Kesho yake shemeji yako akaja na spana, akakilegeza, akakizungusha kidogo, huku anapiga mluzi. Mimi niko dirisha la jikoni. Nikasema moyoni, huyu ana lake. Nilipomuuliza akajibu anarekebisha tu, bibi, usijali. Usijali! Tangu siku hiyo hata chai aliyonimiminia niliinusa kwanza. Ndipo nikakupigia kukuambia ana kijicho.

Jana alilijaribu gari lako kwenye kilima, likalia tena kama kokoto ndani ya kopo. Akarudi, akazima, akanieleza polepole. Alama uliipaka kabla wewe na yeye hamjafunga ile turbo mliyoing'oa kwenye gari bovu. Sasa hewa inasukumwa ndani kwa nguvu, na cheche ikiwahi kama zamani, pistoni zitatoboka. Yeye huichelewesha kuziokoa, lakini kila akija anakuta kikombe kimerudi kwenye alama. Kumbe naye anakushuku wewe, kwamba unakuja kwa siri kumharibia kazi!

Si wewe. Ni mimi. Spana ya marehemu babu yako iko chini ya godoro langu. Kila alipotoka getini, nilikirudisha kwenye alama yako, nikajiona mlinzi hodari. Na jana, mtu mzima na mvi zangu, nilimtazama usoni nikasema labda ni panya.

Dada yako anakusalimu, ingawa amenuna. Ni mimi bibi yako, niliyekulea na sijachoka kukuchapa.

Jumamosi usiguse ufunguo. Pita kwanza kwa shemeji yako, mwombe radhi, uje naye hapa niitoe spana mbele yenu wote wawili. Kisha hiyo alama uifute kwa mkono wako.