Beseni juu ya antene

Goma, Himbi

Mama yangu mupenzi,

Unisamehe. Toka Pasaka sikukuandikia, na si kwa kukosa kalamu. Nilikuwa na haya. Mugongo unaendeleaje? Na Papa, kifua chake kimetulia? Sisi tunapumua tu. Mujukuu wako Masika ameota meno mawili, lakini kikohozi hakijamuacha.

Unajua kazi yangu ya kulinda hii parsele, kiwanja chenye ukuta, na antene yake. Enjenyeri alinielezea siku moja: "Mama Masika, bahari ikiinuka kule mbali, inasukuma hewa mpaka juu kabisa, kupita mawingu. Ishara za satelite zikipita pale zinafika hapa zimevurugika. Antene inasikia, watu wa pwani wanaonywa."

Nikacheka. "Enjenyeri, sisi tuna ziwa tu."

"Haiangalii chini, mama. Inaangalia juu."

Sasa sikia kosa langu. Volkano ilitumwagia majivu siku tatu. Nilifunika chakula, nikafunika maji ya mutoto, vile ulivyotufundisha. Kisha nikaona antene iko wazi, nikaihurumia. Nikaifunika na beseni letu la chuma, nikakaza na kamba.

Siku ya pili yake bahari ikainuka. Enjenyeri alitafuta Goma kwenye mashine yake, akakuta kimya. Alipofika hakugomba. Alitazama beseni.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

Akasema chuma kinazuia ishara. Akasema antene zingine zilisikia, watu wengi walikimbia, wengine maji yaliwabeba. Nikamuuliza: yetu ingeongeza wangapi wa kupona? Akaendelea kufungua kamba. Swali hilo ninalala nalo.

Mukubwa wake amesema mwisho wa mwezi nitoke, na nyumba ya mulinzi ndiyo nyumba yetu. Nimezunguka mutaa wote wa Mapendo nikitafuta kazi. Mutu akiona mutoto mugongoni anasema kazi imekwisha kupata mwenyewe. Sitegemei kitu tena, mama. Lakini Papa asije kutuchukua, nakataa. Njia ni mbaya, na kifua chake hakitaiweza.

Nisalimie dada mushonaji na shangazi wa kwaya. Barua anaibeba mama muuza maharagwe wa Rutshuru. Vitu ninavyoomba hapa chini mupe yeye.

Ni mimi mutoto wako,
Kavira

Ninavyohitaji bado: shitingi moja ya kujikinga mvua. Blanketi ya bluu ya Masika. Majani ya kikohozi, yaliyokauka vizuri. Kadi yake ya chanjo, niliisahau juu ya kabati. Beseni usitume. Lile ninalo.