Mnara Kwanza, Mandhari Baadaye

4 Machi

Baba,

Shikamoo. Mama hajambo? Na goti lako? Mimi mzima, ila sauti imenikauka kwa kuongea kwenye basi.

Kazi ya kuongoza watalii uliyoniachia ina kasheshe. Meneja anasema watalii wakishuka melini wanataka pwani nzuri, si kulizwa. Kwenye mnara wa kumbukumbu ya kivuko kilichozama wananyong'onyea, na tukipanda juu ya mwamba hawana hamu hata ya kupiga picha. Anataka mnara ufutwe kwenye ratiba. Jumatano ya wiki ijayo anapanda nasi aone mwenyewe. Baba, kwa nini miaka yote ulianza na mnara? Nipe la kumwambia, nimeishiwa.

Binti yako

9 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Mama yako yuko salama, ananigombeza tu. Goti nalo tumeshazoeana.

Ulichouliza sijamwambia mtu. Kivuko kilipozama nilikuwa mpiga mbizi wa bandari. Siku mbili tulitoa watu majini, aliye hai alikuwa mmoja tu. Siku ya tatu nikarudi nyumbani kwa miguu, kupitia juu ya mwamba. Jua limetoka, maji ya buluu, ndege wanapiga kelele. Palikuwa pazuri, mwanangu! Nikasikia njaa. Nikatoa mkate mfukoni nikaula wote, huku chini jamaa za marehemu wanalia. Aibu ile ninayo mpaka leo. Nilipoacha kupiga mbizi nikaanza kuongoza watalii, nikawa nawapitisha njia ileile, nione kama na wao watapaona pazuri. Ukitaka, waambie.

Baba

19 Machi

Baba,

Shikamoo. Mnaendeleaje? Huku salama.

Niliwasimulia ya mkate palepale mnarani, meneja akiwa mbele. Kisha wakapanda mwamba. Juu kule bibi mmoja mwenye kofia ya ukili akafungua biskuti, akapitisha pakiti. Meneja akachukua mbili, uroho wake unaujua. Tukakaa tunatazama bahari mpaka dereva akapiga honi. Meneja kasema mnara unabaki, Baba. Nimefurahi sana.

Binti yako

27 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Tu wazima kabisa.

Nilimsomea mama yako barua yako, ikabidi nimweleze yote. Miaka yote hii nimemficha. Akavua miwani, nikajua leo nimekwisha. Akaniuliza, "Ulikuwa hujala tangu lini?"

Nikamwambia, "Tangu kivuko kizame."

"Sasa ulitaka ule nini, mchanga?"

Tumecheka mpaka jirani akaja kuchungulia.

Baba