Tundu Nililoliziba Mgongoni mwa Koti Lako

Fundi,

Sasa.

Najua ungenikata jicho. Kila asubuhi nilipokuja na hiyo "sasa" yangu ulikuwa unajibu, "Sasa ni saa mbili, Nyambura, na ulipaswa kuwa hapa saa moja na nusu." Basi leo nimefika kabla ya saa moja, hata mama wa chai hajawasha jiko, na hakuna wa kunisifu. Nimefagia kibanda. Nimekaa kwenye kiti chako, ambacho mpaka leo sikikalii bila kusema hodi kama mjinga, na nimechana karatasi kwenye daftari la vipimo nikuandikie. Leo hakuna kazi. Saa tatu natakiwa kortini, kwenye kesi ya kuchunguza kifo chako, na kabla sijawaambia wao lazima nikuambie wewe kwanza.

Nimelikwepa jambo hili miezi minane. Unanijua, kitu kikiwa kigumu nakizunguka. Kwa hiyo ngoja nikupe habari za hapa.

Kibanda kipo palepale nyuma ya magorofa ya Hurlingham. Cherehani yako bado inalia ukikanyaga kwa nguvu. Yule mama wa Muthangari mwenye mabega yasiyolingana alileta gauni jingine, akakuulizia, na nilipomwambia alikaa chini akasahau alichokuja kufanya. Binti yako Naliaka amekuwa mrefu, sketi ya shule nimeishusha mara mbili na upindo umekwisha. Makasi yako hayajarudi. Yako kwenye mfuko wa plastiki, yamefungwa kikaratasi, yanaitwa silaha. Nakatia haya yangu mepesi na yanakitafuna kitambaa cha suti mpaka naona aibu.

Silaha! Makasi ya fundi wa nguo!

Siku ile ulitoka hapa saa nne, ukaenda mjini makasi yanolewe, na ukirudi ubebe bitana ya kahawia ya suti ya bwana harusi. Nilikuambia kuna maandamano. Ukasema, "Vijana ndio wanaandamana, makasi hayaandamani." Ukacheka mwenyewe. Ukavaa koti lako la sufi la kahawia, lile la mistari myembamba ulilojishonea, na hukulifunga vifungo kwa sababu wewe ulisema vifungo vya koti ni vya watu wenye baridi. Nilikuona mgongo ukikata kona. Sikujua naangalia mahali hasa pa kuangaliwa.

Jioni redio ikasema kuna mwanamume aliyewakimbilia maafisa wa polisi akiwa na makasi, kwenye uchochoro nyuma ya maduka ya vitambaa, na afisa akafyatua risasi kujikinga. Mwanamume! Hata jina hawakuwa nalo. Ripoti ya daktari ilisema risasi iliingia upande mmoja ikatokea upande wa pili, na mpaka leo mawakili wanabishana iliingia upi na kutokea upi. Shati lako lilikatwakatwa hospitalini likatupwa. Likabaki koti.

Haya, nimefika. Siwezi kuzunguka tena.

Mama Naliaka aliniletea koti hapa siku ya tatu, likiwa kwenye karatasi nyeusi ya plastiki, fundo halijafunguliwa. Aliniambia, "Nyambu, mimi siwezi kuangalia ndani. Ioshe tu. Siku ya kugawa nguo zake nyumbani, hii ni ya kaka yake mkubwa, na sitaki wazee wapewe kitu iko na damu." Nikamwambia aniachie, aende apumzike. Nikafunga mlango, nikalitandaza hapa juu ya meza ya kukatia.

Tundu lilikuwa mgongoni tu, maana mbele koti lilikuwa wazi. Moja. Inchi saba chini ya kola, kushoto kidogo ya mshono wa katikati. Najua kwa sababu nililipima nikaandika kwenye daftari. Mkono ulichukua futi wenyewe, Fundi, ndivyo ulivyonizoesha, kitu chochote kikilala kwenye meza hii kinapimwa kwanza. Na nyuzi za sufi zilikuwa zimeingia ndani. Zote. Zimesukumwa kutoka nje kwenda kwenye bitana, na bitana imechanika kuelekea mwilini. Mtu aliyeshika sindano wiki moja tu angeelewa. Ulipigwa ukiwa umewapa mgongo.

Nililiona hilo. Nataka ujue kwamba nililiona wazi, nikaelewa, na nikaendelea.

Nilikuwa namwaza kaka yako tu. Nilimwona amesimama mbele ya watu wenu, anavalishwa koti la ndugu yake, na tundu liko mgongoni, na mama yako mzee anaingiza kidole. Nikasema hapana, Fundi wangu hatolewi hivi. Nikakata kipande cha mraba penye tundu, sufi na bitana pamoja, kwa sababu damu iliyoganda pale isingetoka hata kwa maombi. Ndipo nikaliosha. Likakauka siku mbili. Nikatoa kipande kingine kwenye upindo wa ndani, nikakifumua kingo, nikaanza kuingiza uzi mmoja mmoja, juu chini, juu chini, kama ulivyonifundisha kwenye ile suruali ya mwalimu iliyoungua kwa pasi. Mstari ukakutana na mstari. Ulikuwa unaniambia, "Mstari ukikosa kukutana, mteja atakuona hata akiwa Kisumu." Ulikutana. Nilipiga pasi, nikaligeuza kwenye mwanga wa dirisha, nikapitisha kiganja, na mimi mwenyewe niliyelishona sikupata mahali.

Na nikafurahi.

Mungu anisamehe. Hujazikwa, uko kwenye jokofu, na mimi nimesimama hapa natabasamu kwa sababu miaka yote hukuwahi kuisifu kazi yangu, na hii ungeisifu. Nilitamani uione. Hiyo ndiyo inayoniamsha mpaka leo, kuliko hata uwongo wenyewe.

Uwongo ulikuja baadaye. Wale wanaochunguza makosa ya polisi walimwita kaka yako, akaja na koti kutoka nyumbani, wakaja nalo hadi hapa kwa aliyeliosha. Mchunguzi wao alikuwa kijana mpole mwenye tai, tena tai nzuri. Akalitandaza kwenye meza ileile. Akaligeuza, akatoa tochi, akapapasa mgongo wote. Kidole kilipita juu ya mshono wangu mara mbili, Fundi, mara mbili, na hakikusimama. Akaniuliza, "Wewe ndio uliiosha?" Nikasema ndio. Akasema, bila hata ukali, "Unajua kuosha ushahidi ni makosa?" Basi. Hapo mimi sikusikia kitu kingine. Kama kuosha ni makosa, kukata je? Kushona je? Akauliza, "Ulipoiosha uliona tundu yoyote?"

Nikasema, "Sikuona. Ilikuwa na damu tu."

Ulimi wangu huu unaojua kubishana na kila mteja, siku ile ulitoa maneno matano, yote mabaya. Kaka yako alinishukuru kwa kuliosha vizuri.

Tangu siku hiyo watu wameongea mambo yako hapa kibandani huku mimi nimejaza pini mdomoni. Kila mtu ana maoni yake. Bwana mmoja wa ofisini, nampima kiuno, ananiambia juu ya kichwa changu, "Lakini sema ukweli, mtu akukimbilie na makasi, utamwimbia? Polisi pia ni binadamu." Mwenzake akasema, "Binadamu gani huyo anaua halafu anaandikiwa taarifa na rafiki zake?" Wakabishana, wakapandishiana sauti, huyu anasema nchi bila polisi itaisha, yule anasema polisi bila wa kuwauliza ndio wanaimaliza. Wakanigeukia. "Wewe Nyambura, ulimjua. Unasemaje?" Nikasema inua mkono nipime kifua. Suruali ile niliikata vibaya, ikarudi.

Na yule afande wako, yule dada uliyekuwa ukimbania sare akikaa pale kwenye benchi na chai. Nilidhani hatakuja tena. Alikuja, amevaa nguo za nyumbani, hakuleta kazi yoyote. Alisimama pale mlangoni akasema, "Fundi alikuwa ananiambia mabega yangu ni ya kazi ya haki. Sasa nikivaa hiyo sare naskia joto." Kisha akaniangalia, akasema polepole, "Nyambura, kama kuna mtu anajua kitu, aseme. Sisi wengine pia tunataka aliyefanya ajulikane, ndio tusiitwe wote wauaji." Nilimwambia karibu chai. Nilijua ameniona. Nikamwaga chai.

Hata hapo sikusema. Unaona mwanafunzi wako?

Kilichonivunja ni Mama Naliaka. Wiki iliyopita alisimama kortini, na wakili wa upande wa polisi akalishika koti lako kwa vidole viwili akamwambia, "Mama, hii koti haina tundu. Mume wako hakuwa ameivaa, ama wewe unadanganya korti. Ni gani?" Mbele ya watu. Alikuja hapa moja kwa moja, akakaa kwenye benchi, kiatu kimoja amekivua. Akasema, "Nyambu, labda kweli hakuwa ameivaa. Labda ni mimi nimechanganyikiwa. Siku hizi nasahau." Mwanamke aliyekuona ukitoka mlangoni na koti lile! Ameanza kutoyaamini macho yake mwenyewe kwa sababu mimi najua kushona.

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo uliponiokoa, mzee mkaidi wewe. Unakumbuka sheria yako ya vipande? "Hakuna kutupa hata uzi kabla mwenye nguo hajaridhika." Kila kilichokatwa kwenye nguo kiingie bahasha, bahasha ipigwe pini na tikiti, na tikiti haipasuliwi mpaka mtu avae, ajigeuze kwenye kioo, aseme sawa. Nilikucheka sana kwa sheria hiyo. Nilikuambia kibanda kitajaa matakataka. Siku ile, na machozi yananitoka, nilifanya hivyohivyo bila kufikiri. Kipande kile, sufi na bitana na damu yako, hakikuoshwa, kiko kwenye bahasha ya kaki ndani ya droo ya chini. Na tikiti kwa mwandiko wangu: Fundi. Koti. Tundu moja mgongoni, inchi saba chini ya kola. Miezi minane nimefungua droo ile kuchukua vifungo na nimekuwa nikiangalia pembeni.

Juzi Jumamosi niliibeba nikaenda kwako Uthiru. Mama Naliaka alikuwa anachambua mboga za mrenda. Nilimwambia yote, nimesimama, kwa sababu hakunikaribisha kiti na sikustahili. Hakuacha kuchambua. Nilipomaliza akapangusa mikono kwa leso akasema, "Lete nione." Hakuwahi kuona, Fundi. Alikishika kwenye kiganja, akakigeuza upande wa bitana, akaona nyuzi zilivyolala. Wewe unajua miaka mingapi amekutolea tasi jioni, zile nyuzi za kushikizia, macho yake ni ya fundi pia.

Akasema, "Kumbe alikuwa anaenda zake."

Halafu akasema, "Miezi nane, Nyambura. Miezi nane unakuja hapa kunipikia chai." Akanirudishia bahasha, akaniambia nitoke kwake. Nikiwa getini akaniita, sio kwa jina, "Wewe! Jumatatu usichelewe." Hajanisamehe. Na mimi sijamwomba, nitaanzia wapi?

Wakili wa familia ameniambia wazi kwamba wanaweza kunigeukia, hata kunikamata. Watasema niliharibu ushahidi, watasema kipande nimekitengeneza, watauliza kwa nini nilidanganya, na nitajibu niliogopa, kwa sababu hakuna jibu jingine. Lakini nimefungasha. Bahasha. Daftari la vipimo la siku ile. Na kile kichuma chako cha kufumulia, chenye mpini uliofungwa uzi mwekundu.

Nitawaomba waniletee koti. Ulinifundisha kwamba kazi nzuri ni ile isiyoonekana, na nilikutii vizuri kupita kiasi. Leo nitaifumua mbele yao, uzi kwa uzi, kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, mpaka tundu lirudi mahali pake, na kipande kile kilale ndani yake wakione kinavyoingia.

Wakinirudisha jioni, nitakuja kufungua hapa nikuambie walisema nini. Wasiponirudisha, Naliaka ana ufunguo. Makasi yako nitayadai mpaka yaje, na yatakuja na jina lake la makasi.

Pumzika, Fundi wangu. Naahidi sitakuziba tena. Tikiti yako ninayo mfukoni, haijapasuliwa, na sitaipasua mpaka nijue umejigeuza kwenye kioo ukasema sawa.

Mwanafunzi wako,
Nyambura