Mguu wa Nne wa Deisi

Buffalo, New York
Mwezi wa pili, 2015

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa jikoni, theluji imeziba dirisha hadi nusu. Kifua chako kinaendeleaje? Zile dawa za presha bado unazimeza, au umeanza tena kuziacha ukijisikia nafuu? Sisi huku tu wazima wote watatu, Mungu anatutunza. Zakaria akikusomea barua hii mwambie asiruke mistari, maana namjua mdogo wangu.

Nina habari ya kukuchekesha. Tuna mbwa. Wala si wa kulinda. Analala ndani, kwenye blanketi lake karibu na hita. Aliyemleta ni Jeska, huyo huyo mkwe wako aliyekuwa akiwatupia mbwa mawe kule kambini. Kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi alikuwa akimhudumia mzee mmoja wa Lackawanna, aliyefanya kazi kiwanda cha chuma ujana wake wote. Mzee hakuwa na ndugu wa kumwachia mbwa wake, na alipokaribia kufa alimwomba Jeska amchukue, asije akachomwa sindano ya kufa kwa kukosa mwenyewe. Jeska akakubali kabla ya kuniuliza. Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu Deisi, ndilo jina lake, aliniwekea kichwa gotini, nikaacha kununa.

Sasa Mama, huku mbwa akiugua hutibiwa kama mtu, hadi kupigwa picha za mifupa, na mwenye mbwa akishindwa gharama huambiwa achague ile ile sindano. Ndiyo maana watu huwakatia mbwa bima. Tulijua upasuaji mmoja tu hatuuwezi, na ahadi ya Jeska kwa marehemu itakuwa imevunjika. Na Deisi alikuwa tayari anachechemea kidogo mguu wa nyuma wa kulia, hasa asubuhi.

Jeska alichagua bima kama anavyochambua maharage, punje kwa punje. Kwanza alimpigia dada Dorkas kule Louisville, bado anakaa Iroquois, mtaa ule tuliofikia. Dorkas alicheka mpaka akashindwa kuongea. Kisha akampigia Papa Salomon, Mkongo tuliyekuwa tukisali naye Columbus, kwa kuwa naye aliwahi kufuga.

"Bon, Mama Furaha," Papa Salomon akasema, "miye nilikuwaka na ile assurance, ile bima. Imbwa ikagonjwa, bakaniambia hii ugonjwa ilikuwaka mbele ya kutia signature. Donc, musome papier yote, hata fasi, pahali ya maandiko kidogo-kidogo."

Wakasoma. Jumamosi mbili nzima, mjukuu wako Furaha akitafsiri, mama yake akiuliza kampuni kwa simu. Hii inalipia ajali tu, au na ugonjwa? Tukisaini leo, inaanza leo au baada ya siku ngapi? Akizeeka mtamtoa? Kampuni moja aliikataa kwa sababu jibu lilibadilika kila simu ilipopokelewa na mtu mwingine. Furaha alichoka, akamjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba hata bima yetu wenyewe hatukuisoma hivi. Mama yake akasema, "Ndiyo hapo tulipokosea."

Walipopata moja, kujaza fomu wakaniachia mimi, na mimi nikaharibu. Kwenye tarehe ya kuzaliwa niliandika tarehe moja mwezi wa kwanza. Sikufikiri hata kidogo. Unakumbuka karani wa kambi alivyotuandika sote tarehe hiyo: mimi, Jeska, Dorkas, Zakaria, na nusu ya kanisa letu la hapa. Mkono ulienda wenyewe. Na pale palipouliza kama mbwa ana tatizo lolote, niliandika hapana. Hapo sikupitiwa, nilidanganya nikijua.

Baada ya siku chache mama mmoja wa kampuni akapiga simu. Karatasi za daktari wa mbwa zinasema Deisi alizaliwa mwezi wa nane, mbona sisi tumeandika vingine? Nilitoka jasho kama niko tena kwenye usaili wa kuja Amerika. Jeska akaiweka simu katikati ya meza, akamwambia Furaha atafsiri neno kwa neno, akaeleza habari ya tarehe yetu.

"Na wewe mwenyewe ulizaliwa lini?" yule mama akauliza.

"Tarehe moja mwezi wa kwanza."

"Na mume wako?"

"Tarehe hiyo hiyo."

Nikamsikia anacheka, akasema anarekebisha. Akauliza kama kuna kingine cha kurekebisha. Nilimtikisia Jeska kichwa. Aliniona. Akasema, "Ndiyo, kipo. Mguu wa nyuma wa kulia anachechemea, tangu siku tuliyomchukua."

Nilikasirika, Mama, sikufichi. Nilimwambia ameivunja ahadi kwa mdomo wake mwenyewe. Akanijibu bila kupandisha sauti, "Siku akiugua chochote watatukuta na uongo huo, na hawatalipia hata jino. Mzee aliniamini mimi, hakuiamini fomu."

Tulingoja, na mimi sikumsemesha vizuri siku zote hizo. Barua ikaja: wamemkubali Deisi, ajali na magonjwa, isipokuwa mguu ule, ambao hawataulipia kamwe. Nikakunja uso. Jeska akaisoma taratibu kwa Kiingereza chake, akaikunja, akaitia ndani ya Biblia.

"Vizuri," akasema. "Miguu mitatu ni ya kampuni. Wa nne ni wetu."

Tangu hapo kila asubuhi kabla ya zamu anaukanda kwa kitambaa cha maji moto, amepiga magoti sakafuni na sare yake ya kazi. Mimi nashika kichwa cha mbwa. Namtazama mke wangu, Mama, na namwonea fahari kuliko siku niliyomwoa.

Nisalimie Zakaria na mkewe, na shangazi anayekupikia. Furaha anakuamkia, na Dorkas pia. Msalimie sana mchungaji mzee aliyetufungisha ndoa. Mwambie yule bibi harusi aliyemkatiza kiapo ili aulize kama "katika ugonjwa" ni ugonjwa wowote au kuna unaoachwa nje, bado anauliza, na bado anatimiza.

Mwanao akupendaye,
Ezekieli