Simba Aliyekwenda Voi

Mjomba,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe moyoni, kwa ile sauti yako ya kukwaruza, ili barua isianze bila adabu. Naomba huko uliko umepumzika. Mimi sijapumzika. Nakuandikia nimekaa nje ya stesheni ya Changamwe, karatasi nimepewa na karani, naandikia gotini, basi uniwie radhi kwa mwandiko.

Nilitaka nikueleze mambo kwa taratibu, lakini hofu hainipi taratibu. Kuna mtoto Voi ana simba wangu mkononi, Mjomba, na simba yule ana sumu.

Ngoja nirudi nyuma.

Tangu tukuzike, kazi yako ya kuwachongea watoto wanyama wa miti nimeishika mimi. Watu wa Shika Adabu walisema mwanamke na tezo wapi na wapi, wakangoja nijikate mguu. Sikujikata. Ndovu wangu sasa wanasimama bila kuyumba, na twiga nimempatia shingo, ile uliyokuwa ukisema naifanya kama ya bata. Mkaza mjomba ametoka eda salama. Bado anasuka vikapu vya kutilia wanyama, ila tangu uondoke vinamtoka vikubwa, wanyama wanagongana humo ndani, nami simwambii kitu. Vita vimekwisha. Karatasi ya msasa haijaanza kupatikana, kwa hiyo tungali tunasugua kwa majani ya mti wa msasa kama ulivyonifundisha. Lakini kule kisiwani, vitu vya kuchezea vya Ulaya vimerudi madukani, vya bati, ukivitia ufunguo vinatembea vyenyewe. Hilo ndilo lililonitia kiwewe. Nilijiambia Idd hii nisipouza, watu watanisahau.

Unakumbuka ulivyokuwa ukilamba miti? Kila kipande, kabla hujakitia tezo, ulikikwangua kidogo, ukakigusa kwa ncha ya ulimi, ukatema, ukangoja huku ukitazama kuku. Mimi nacheka. Halafu unasema, "Huyu hana neno, mwanangu. Mlete." Na nikikudhihaki unanijibu, "Sisi twachonga tu. Wenye kuwala ni watoto." Nilidhani ni utani wako, maana kweli watoto wote wa mtaa waliwatafuna ndovu wako mpaka masikio yakaisha.

Na Ramadhani hukuchonga kitu kipya. Mwezi mzima tezo iko darini, wewe kazi yako kuwasugua wa zamani na kuwapaka mafuta ya nazi. Nilikutania kuwa saumu imekushinda. Nilipouliza mbona huonji usiku, ulisema huusadiki ulimi uliotoka kula tende na uji wa sukari. Nilisikia, Mjomba. Sikutia maanani.

Ramadhani hii nilichonga. Miti uliyoiacha ilikuwa imekwisha, nikanunua mzigo kwa muuza kuni apitaye na baiskeli, mtu wa bara. Vijiti vilikuwa vimekwisha menywa maganda, vyeupe, vizuri, hata fundo havina. Mti usio na ganda mimi siujui. Hata wewe ulisema huujui, ndiyo sababu ukalamba. Lakini nilikuwa nimefunga, na kuonja mti mchana wa Ramadhani niliona ni kuitia saumu yangu mashakani bure. Nikasema mti ni mti tu. Nikachonga seti nzima: ndovu, kifaru, nyati, punda milia, twiga, simba.

Mkesha wa Idd niliiuza pale feri kwa mama mmoja mchangamfu. Aliniambia kwao ni Magongo, mumewe yuko Relwe, kwenye magari ya moshi, na mwanawe Saidi anaota meno. Mtoto alimtia twiga mdomoni kabla feri haijang'oa nanga. Nilifurahi mpaka nikampungia mkono.

Idd ikapita. Nikashika kijiti kilichobaki katika mzigo ule, na kwa kuwa sasa sifungi, nikakwangua na kulamba kama wewe. Mjomba! Ule haukuwa uchungu wa mwarobaini. Ulimi ulikufa ganzi pale pale. Nilisukutua, nikasukutua tena, na moyo unakwenda mbio kisha unasita, unakwenda mbio kisha unasita. Nikaukumbuka mti ulionionyesha nilipokuwa mdogo, ukanishika mkono nisiuguse, ukaniambia wawindaji huuchemsha wakapata sumu ya mishale.

Nilitoka na leso niliyokuwa nimejifunga. Sikumbuki nilivyovuka. Nakumbuka niko Makupa, najisemea kuwa nikifika Magongo nikiona watu wamekaa nje kwenye mikeka, nigeuze nirudi, maana nitajua ni matanga. Nilimwogopa mtoto yule, Mjomba. Sijapata kuogopa mtu mzima namna ile.

Nilipouliza kwa Mama Saidi nilionyeshwa nyumba. Mlangoni hapakuwa na mkeka. Saidi yumo uani, amekalia sufuria iliyofunikwa, anampiga kifaru kwa mwiko. Nikakaa chini kando yake.

Sikujua nianze vipi, nikaomba niletewe wanyama, nikawaonja mmoja mmoja pale pale. Mama Saidi alicheka sana. "Wee dada, mbona wawalamba wanyama wa mwanangu? Kwani Idd hukula?" Ndovu hana neno. Kifaru hana neno. Nyati na punda milia nao hawana neno, na nikaanza kumshukuru Mungu, nikaona muuza kuni alichanganya miti na huenda ubaya wote umebaki katika kile kijiti cha nyumbani. Kisha akanipa twiga kutoka dirishani. Shingoni mwake mna alama za meno. Nilimgusa kidogo tu, na ganzi ikaja.

Nikamwambia kila kitu. Kicheko kilimkauka. Akasema Idd Mosi Saidi alitapika mpaka akalegea, naye akadhani ni halua. Twiga akamwosha matapishi, akamweka dirishani akauke, akamsahau. Hiyo ndiyo salama yetu yote, Mjomba, kusahau kwa mama mwenye wageni wa Idd. Alimbeba mwanawe akarudi nyuma mpaka ukutani. "Umetuuzia sumu siku ya Idd?" Nikainama niwakusanye wale wanyama.

Ndipo nikaona simba hayupo. Twiga na simba nimewatoa katika kijiti kimoja; nakumbuka vizuri, kwa sababu kilikuwa kirefu na niliona ni bahati. Nikauliza simba yuko wapi. Mama Saidi akashika kichwa. Alimpa mtoto wa jirani aliyekuwa akilia, msichana, jina lake Rehema, mdogo kuliko Saidi. Baba yake Rehema, naye mtu wa Relwe, kahamishiwa Voi. Wameondoka jana kwa gari la moshi, mtoto mgongoni mwa mama yake, na simba alikuwa mkononi mwa mtoto.

Nilikuja hapa mbio. Karani amepeleka simu ya maandishi stesheni ya Voi, wamtafute baba huyo, wamnyang'anye mtoto kile kitu. Adhuhuri imepita, alasiri imepita, jibu halijarudi. Labda limekwama. Labda wamewakuta na mtoto anacheka. Labda... Sitaki kuiandika hiyo labda nyingine. Kila nikifumba macho namwona mtoto ambaye sijapata kumwona, mate yanamtoka, meno madogo yako juu ya kichwa cha simba nilichokisugua mimi mpaka kikawa laini, kizuri kutia mdomoni.

Gari la leo lilikwisha ondoka kabla sijafika. Nitapanda la kesho. Mkaza mjomba sijamwambia, nimemtumia salamu tu kuwa nimechelewa. Kwa hiyo nakwambia wewe, maana sina mwingine wa kumwambia, nawe huwezi kunigombeza.

Buriani, Mjomba. Mola akulaze pema. Nakuahidi sitachonga tena mchana wa Ramadhani, na hatatoka mnyama mkononi mwangu kabla sijamwonja. Hiyo ni ahadi nyepesi. Nzito ni hii: nikimkuta Rehema mzima, nitakuja kaburini kwako nikwambie. Nikimkuta vingine, nitakuja vile vile, na nitakwambia.

Mpwao,
Mwanakombo